Miezi mitano ya pikoboli Mbeya: shajara ya kujifunza kupiga taratibu

Jumapili, 4 Mei

Tumefungwa michezo mitatu mfululizo: 11–3, 11–5, 11–2. Waliotufunga ni mzee mstaafu wa TAZARA mwenye miaka 67 na kijana wa chuo aliyeshika kibao kwa mara ya kwanza mwezi Machi. Mimi na pacha wangu wa uwanjani, dada muuguzi, tunacheza pamoja tangu Januari. Tuna nguvu kuwazidi, tuna mbio kuwazidi, na ukijumlisha michezo yote mitatu tumeambulia pointi kumi.

Nimeamua kuandika. Mwanzoni mwa Oktoba tutapokea wageni kutoka Dar kwa bonanza, na nataka siku hiyo tusimame nao uwanjani kama wachezaji. Nauza vifaa vya ujenzi hapa Mafiati. Dukani najua kila msumari ulikotokea na ulikokwenda, lakini uwanjani sijawahi kuhesabu kitu. Kuanzia leo nahesabu.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: pikoboli ilianza mwaka 1965 katika kisiwa cha Bainbridge, jimbo la Washington, Marekani. Joel Pritchard, Bill Bell na Barney McCallum walikuwa wanazitafutia familia zao kitu cha kucheza, wakatumia kiwanja cha mpira wa vinyoya, vibao vya mbao na mpira wa plastiki wenye matundu. Kiwanja kimebaki na vipimo vile vile vya vinyoya vya wawili wawili, mita 13.41 kwa 6.10. Neti ina sentimita 91 pembeni na 86 katikati. Kila upande wa neti kuna eneo la mita 2.13 linaloitwa jikoni; ukiwa umelikanyaga, hata mstari wake, huruhusiwi kuupiga mpira hewani. Sevisi inapigwa kwa chini. Anayepokea lazima auache mpira udunde, na aliyesevu naye lazima auache udunde unapomrudia. Baada ya hapo ni ruksa kupiga hewani. Pointi anapata anayesevu peke yake, mchezo ni hadi 11, na lazima mshindi azidi kwa mbili.

Kiwanja chetu kiko ndani ya uwanja wa netiboli wa shule moja ambayo mwalimu mkuu wake alitukubalia jioni na wikiendi. Tulikichora Februari. Nilileta futi ya mita 30 na rangi nyeupe ya mafuta, tukapima kona kwa kona: mishazari yote miwili ikisoma mita 14.73, kiwanja kimekaa sawa. Ya kwanza ilisoma 14.73, ya pili 14.61, ikabidi tung'oe vigingi viwili na kuanza upya. Sijutii ile saa nzima tuliyopoteza. Kiwanja kilichopinda kinakufundisha uongo.

Jumamosi, 17 Mei

Tumecheza na wale wale. Mdogo wake yule kijana wa chuo alikaa pembeni na daftari. Nilimwomba asiandike pointi, aandike kila mpira tulioupoteza na namna ulivyopotea. Kwenye mchezo huu matokeo hayasemi yote: ukikosea wakati unasevu hupotezi pointi, unapoteza sevisi, na kosa hilo halionekani popote kwenye 11–4.

Tulipoteza mipira 41. Kati ya hiyo, 15 ilitoka nje nyuma ya mstari. 11 tulipigwa miguuni tukiwa tumesimama katikati ya kiwanja, si nyuma si jikoni. 9 iliishia kwenye neti. Iliyobaki sita ndiyo wenzetu walitushinda kweli, kwa mapigo ambayo na mchezaji mzuri yangempita.

Sita kati ya 41. Nimeisoma namba hiyo mara nyingi usiku huu.

Halafu nikaitenga mipira ambayo sisi ndio tulikuwa tunasevu. Huko tulipoteza 19, na 13 ilifia kwenye pigo la tatu. Sevisi ni pigo la kwanza, kurudisha ni la pili, na la tatu ni letu tena. Hapo ndipo penye ugumu wote wa pikoboli. Anayerudisha sevisi anapiga mpira mrefu na kutembea nao mpaka mstari wa jikoni, anakaa pale anakusubiri. Wewe uliyesevu umefungwa na sheria ubaki nyuma, kwa sababu mpira lazima udunde kwanza. Kwa hiyo unapiga kutoka mbali, unapanda, kwa watu wawili waliosimama mbele wakiangalia chini. Mimi miezi yote hii nimekuwa nikiupiga kwa nguvu zote. Ukitoka nje, nimekosa. Ukiingia, mzee anauwekea kibao tu, unarudi kwenye vidole vyangu vya miguu.

Tulipomaliza nilimwendea nikamwambia nimegundua natoa nje mipira mingi. Akacheka kwa upole, akaniuliza, "Mwanangu, umewahi kuucheza mpira huu Dar?" Nikamwambia bado. Akasema alicheza kwa wiki mbili alipokwenda kwa binti yake. "Kule mpira unachoka njiani. Hapa hauchoki."

Jumanne, 3 Juni

Neno la mzee limenikaa kichwani. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Mpira wa pikoboli una kipenyo cha milimita 73 hadi 75 na uzito wa gramu 22 hadi 26. Mkubwa, mwepesi, una matundu: karibu kila kinachoupunguza mwendo ni hewa. Ukipunguza hewa, pigo ambalo Dar lingetua nusu hatua ndani ya mstari, hapa linatua nje. Wenzetu wa tenisi wanalijua hili siku nyingi. Wana mpira maalumu wa kuchezea sehemu zilizo juu ya mita 1,219.

Kuna jambo moja watu wanalichanganya, nami nililichanganya. Mpira wa tenisi hapa juu unadunda zaidi kwa sababu umefungiwa hewa ndani. Wa pikoboli una matundu, hauna hewa iliyofungwa, kwa hiyo mdundo wake haujali mlima. Unaobadilika ni mwendo wake angani. Mdundo unabadilishwa na baridi, na hilo linakuja mwezi huu huu.

Sasa vifaa. Januari nilinunua kibao chembamba, milimita 13, kwa sababu aliyeniuzia alisema kina nguvu. Kweli kina nguvu, na nguvu ndiyo iliyokuwa inanitoa nje. Wiki iliyopita niliazima cha kijana wa chuo, milimita 16. Ndani vyote viwili vina plastiki ya vitundu kama sega la nyuki, lakini kile kinene kinaumeza mpira kidogo kabla ya kuuachia. Nilipiga mipira 20 kwa kila kimoja, mahali pamoja, mkono ule ule. Kwa chembamba 7 ilitoka nje, kwa kinene 3. Nimemwomba binamu yangu aliyeko Nairobi aninunulie cha milimita 16.

Vibao vya watoto tumemwachia fundi seremala wa Ilomba, anavikata kwenye plaiwudi. Kimoja nilikiweka kwenye mizani ya dukani, kikasoma gramu 340, wakati changu kina gramu 225. Ni vizito, mkono wa mtoto unachoka upesi, lakini McCallum naye alikata vibao vya kwanza kwenye plaiwudi na mchezo ukaenda. Watoto wanacheza, hilo ndilo muhimu.

Raba: nimepata Mwanjelwa, kwenye mitumba, za kuchezea ndani zenye soli bapa. Zile za kukimbilia zina kisigino kirefu na zimetengenezwa kwenda mbele tu. Pikoboli ni kwenda pembeni, na mguu ukiteleza pembeni ndani ya kiatu kirefu, kifundo ndicho kinacholipa.

Jumamosi, 21 Juni

Baridi. Tulifika saa moja asubuhi, mlima Loleza wote umefunikwa, pumzi zinatoka moshi. Mpira wa kwanza ulipasuka dakika ya kumi, wa pili kabla ya mchezo wa kwanza kuisha. Mipira ya kuchezea nje, yenye matundu 40, ni ya plastiki ngumu, na kwenye baridi inakuwa kama kikombe cha udongo. Haipasuki vipande. Unaona tu mpira unaenda kombo, unalaumu mkono wako, kumbe kuna ufa mwembamba kama unywele unaotoka kwenye tundu moja hadi la pili.

Mzee alinionyesha namna ya kuutambua. Unaushika kwa vidole viwili karibu na sikio, unaubinya, unauzungusha kidogo, unaubinya tena. Mzima haujibu. Wenye ufa unalia *tik* pale ufa ulipo. Sasa tunaipima yote kabla ya kuanza, na kila mmoja anaweka miwili ndani ya koti mpaka itakapohitajika. Mpira wa baridi pia unadunda chini zaidi, ikabidi tukunje magoti kuliko tulivyozoea.

Niliagiza mipira kumi na miwili kwa muuzaji mmoja mtandaoni. Imefika minane, na miwili kati ya hiyo si duara. Ukiiweka mezani inayumba. Fedha hazikurudi. Nimejifunza kuagiza michache na kuipima kabla ya kuongeza.

Kuanzia sasa mazoezi ya Juni na Julai ni saa kumi jioni, jua likiwa bado lipo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka nimefunga, tumekuwa uwanjani tangu mchana. Leo nataka kuandika kwa urefu, kwa sababu pigo la tatu limeanza kunifungukia.

Pigo lenyewe tunaliita dropu. Badala ya kuupiga mpira kwa nguvu kwa watu waliosimama jikoni, unauinua taratibu upite juu ya neti na kushuka ndani ya jiko lao, chini ya kiuno chao. Hawawezi kuupiga kwenda chini. Wanalazimika kuuinua, na wakati wanauinua ninyi mnatembea mbele. Kwa maneno ni rahisi. Kwa mkono ilinichukua wiki tano kupata hata sura yake.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kiwiko. Nilikuwa napiga kama mtu anayegonga mlango. Mzee akaniambia, "Usiupige, mwanangu. Upeleke." Akachukua mpira, akauweka juu ya kibao chake, akautembeza mbele yangu kama mtu aliyebeba kikombe cha chai kwenye sinia, akauinua kutoka begani, mkono wote, kiwiko hakijajikunja, mpaka ukadondoka wenyewe. Nikaelewa. Mkono unatoka begani, magoti ndiyo yanayoinua, vidole vimelegea. Kushika kibao kwa kukaza ndiko kunakourusha mpira. Ukitaka kujua umelegeza kiasi gani, mwambie mwenzako akivute; kikitoka kwa shida kidogo, hapo ndipo.

Kosa la pili: nilikuwa nalenga neti. Ukilenga neti, mpira unakuwa na kilele chake upande wao, unashuka wakiwa wanausubiri. Kilele kinatakiwa kiwe upande wetu, kabla ya neti, ili ukivuka uwe tayari unashuka. Hapo nilileta kamba ya fundi kutoka dukani, ile ya nailoni ya kupangia matofali. Nikasimika mbao mbili, nikaivuta juu ya neti kwa sentimita 50. Mpira lazima upite kati ya kamba na neti, na lazima udunde jikoni. Ukipita juu ya kamba, hata kama umetua ndani, hauhesabiwi.

Zoezi tunalianzia mbele. Pacha wangu yuko jikoni kwake na ndoo ya lita kumi yenye mipira, mimi niko jikoni kwangu, ananirushia, napeleka. Mipira 20. Narudi hatua mbili, mipira 20. Mpaka nafika mstari wa nyuma. Tarehe 10 Juni nilipata 15 nikiwa jikoni, 8 katikati, 2 nyuma. Leo nimepata 19, 13 na 9. Dada anapiga vizuri kuliko mimi kutoka nyuma, 11, kwa sababu mikono yake imezoea kazi ya taratibu. Anachoma sindano watoto kila siku.

Kuna kitu kimoja ambacho zoezi halisemi. Tisa kati ya 20 maana yake ni kwamba kwenye mechi mipira kumi na mmoja bado inaharibika. Nilimuuliza mzee kama nisubiri hadi nifike 15 ndipo niitumie dropu kwenye mchezo. Akakataa. Akasema dropu mbaya iliyotua juu kidogo bado inakupa nafasi ya kusimama na kuupooza mpira unaofuata. Pigo la nguvu lililotoka nje halikupi kitu.

Ijumaa, 8 Agosti

Nanenane. Nusu ya wenzetu wamekwenda viwanja vya John Mwakangale, tumebaki wanne. Upepo mkali, vumbi.

Pacha wangu ameanguka. Walimpigia lobu, mpira ukapita juu ya kichwa chake, akakimbia kinyumenyume kuufuata. Kisigino kikagusa, akaenda chini kwa mgongo, akajikinga kwa mkono. Nilimsikia kabla sijamwona. Nilipomfikia alikuwa ameshika kifundo cha mkono, macho yamejaa, akasema, "Ndaga, kaka, niinue polepole." Picha inaonyesha hakuna mfupa uliovunjika, ni msuli. Wiki tatu bila kibao.

Naiandika hii kwa uzito kwa sababu inaweza kumtokea mtu yeyote. Lobu ikikupita, usirudi kinyumenyume. Geuka, ipe neti mgongo, kimbia ukiangalia mbele, au mwenzako auchukue kwa kukata mshazari. Tumekubaliana kuanzia leo: mpira wa juu ya kichwa cha mmoja ni wa mwingine, na aliyepitwa anahamia upande ulioachwa wazi. Tungekubaliana mwezi Mei, leo angekuwa mzima.

Jumamosi, 30 Agosti

Dada amerudi, kifundo kimefungwa bandeji. Wakati hayupo nilikuwa nafanya mazoezi ya ukuta na kumsindikiza mzee kwenye michezo yake. Kucheza upande mmoja na mtu aliyekuwa anakufunga ni shule nyingine. Niliona kitu ambacho nikiwa upande wa pili sikuwahi kukiona: mzee anaacha mipira. Mpira unakuja kwa kasi usawa wa bega, mimi ningeubamiza, yeye anageuza bega, anaupisha, unatoka nje hatua mbili nyuma yake. Mchezo mmoja aliacha mipira saba. Sita ilitoka.

Hapa kwetu hesabu hiyo inalipa kuliko mahali pengine popote. Mpira mkali unaokufikia jikoni usawa wa bega bado unapanda au umenyooka, na kwa hewa yetu nyepesi hauna cha kuushusha kabla ya mstari. Kumbe ile 15 ya mwezi Mei ilikuwa na ndugu zake: mipira ya wenzetu iliyokuwa inatoka nje nayo, mimi nikaiokoa kwa mikono yangu mwenyewe.

Tumeweka neno moja, "Acha!" Anayeuona mpira vizuri zaidi, ambaye kwa kawaida si yule anayetaka kuupiga, ndiye anayelisema. Mara tano za kwanza leo nilipiga hata baada ya dada kusema. Mkono ulikuwa umeshakwenda. Mara ya sita niliupisha, ukatua nje, akanyoosha kidole juu bila kusema kitu.

Kitu kingine ni kamba. Tumefunga kamba ya mita mbili na nusu, kiunoni kwangu na kiunoni kwake, tukacheza mazoezi nusu saa nzima. Akienda kushoto kufuata mpira, nami navutwa. Akisonga mbele, nasonga. Ile mipira 11 ya kupigwa miguuni ilitokana na mmoja kwenda jikoni na mwingine kubaki nyuma. Watu wa njiani walisimama kutuangalia, na mama mmoja wa maembe aliuliza kama ni adhabu. Tulimweleza, akakaa kwenye ndoo yake mpaka tukamaliza.

Jumapili, 14 Septemba

Tumemfunga mzee na kijana wa chuo. 11–8, 9–11, 11–9.

Mzee alinipa mkono juu ya neti akaushikilia. "Sasa mnacheza," akasema. Nilimwamkia upya, shikamoo, ingawa nilikuwa nimeshamwamkia asubuhi. Sikuwa na neno lingine.

Daftari: tulipoteza mipira 52 kwa michezo mitatu mirefu. Nje nyuma ya mstari 9. Miguuni katikati 4. Neti 17. Neti imeongezeka, na ndivyo inavyokuwa unapoanza kupiga taratibu. Kushindwa kweli 22, na hiyo ndiyo namba iliyonifurahisha kuliko matokeo yenyewe. Sasa mtu akitaka pointi yetu anaitolea jasho.

Jumamosi, 4 Oktoba

Bonanza. Jozi sita, kila jozi inacheza na zote, mchezo mmoja hadi 11. Wageni walileta jozi tatu. Jua kali, upepo mdogo, vumbi tulilimwagia maji tangu alfajiri.

Wageni wana mikono ya haraka kuliko sisi, tena sana. Jikoni, wanapobadilishana mapigo ya hewani, kibao chao hakishuki chini ya kifua. Mchezo wa kwanza nao tulishinda 11–4, na sehemu kubwa ni Mbeya ndiyo iliyotushindia. Mapigo yao yalikuwa yanapita mstari kwa nusu mita, wanatazamana, wanatazama vibao vyao. Tulisema "Acha!" mara tisa, ikatoka minane.

Jozi ya pili ya wageni walikuwa wametuangalia. Mchezo wa saa sita mchana, wao wakawa wameshapunguza. Walianza kulenga katikati, kati yangu na dada, pale neti ilipo chini. Tukaanza kugongana. Kila mmoja anamwachia mwenzake, au wote wawili tunanyoosha. Tulikuwa tumekubaliana kwamba wa katikati ni wa yule ambaye kiganja chake kinaangalia huko, na mimi niko kushoto, mkono wa kulia, kwa hiyo ni wangu. Kwenye joto la mchezo nilisahau. Tulifungwa 11–6.

Mchezo na jozi yao ya tatu ndio nitakaoukumbuka. Tuko 9–9, dada anasevu. Sevisi ndefu, kule nyuma kabisa. Wakarudisha kwangu, chini, upande wa mgongo wa mkono, ambao ndio upande wangu dhaifu. Mwezi Mei ningeubamiza. Nililegeza vidole, nikakunja magoti mpaka goti la kulia likakaribia kugusa sakafu, nikaupeleka. Niliuona unapanda, nikaona kilele kikiwa bado upande wetu, nikajua. Ulidondoka jikoni kwao karibu na mstari wa pembeni. Yule dada wa Dar aliufikia kwa ncha ya kibao, akauinua, na tulipokuwa tunaungoja wote wawili tulikuwa tumeshakanyaga mbele, bega kwa bega, kama kamba bado iko kiunoni. Pacha wangu akaumalizia katikati yao. 10–9. Iliyofuata walipiga kwa nguvu usawa wa bega langu. Sikusubiri neno. Niligeuza bega.

11–9. Mwisho wa siku tumeshinda tatu na kupoteza mbili, tukashika nafasi ya pili. Jozi ya kwanza ni mzee na kijana wa chuo, hawakupoteza hata mchezo mmoja.

Alhamisi, 9 Oktoba

Wageni wametualika Dar mwezi Desemba. Mzee ameshaniambia kitakachotokea: dropu zangu zote, nilizozipima kwa hewa ya hapa, zitaishia kwenye neti siku ya kwanza, na ile mipira ya begani niliyojifunza kuiacha itaanza kutua ndani.

Kwa hiyo kamba nimeipandisha. Jana niliivuta sentimita 70 juu ya neti, na mpira sasa lazima upite karibu na kamba huku ukitua ndani ya hatua moja ya mwisho ya jiko, si mwanzoni. Hapa utakuwa umezidi kidogo. Kule, kwa hesabu yangu, utashuka mahali pake. Upande wa mgongo wa mkono: 20 kila jioni kabla ya kitu kingine chochote. Jana 6. Leo 7.

Dada ana zamu ya usiku hadi Jumapili. Ndoo imebaki kwangu, mipira kumi na minne, yote nimeibinya sikioni, miwili nimeitoa.